Nguo ya Mpira: Jinsi Nyambizi Zinavyozima Sauti Chini ya Maji

Nyambizi ya kivita ya siku hizi ni chombo cha chuma kilichovalishwa mpira. Mpira huo, mweusi na mnene kiasi cha sentimita kadhaa, hubandikwa juu ya chuma kigae kwa kigae, kuanzia puani hadi karibu na rafadha, au humiminwa ukiwa uji mzito na kuachwa ugande papo hapo. Nyambizi za Uingereza za aina ya Astute, kwa mfano, kila moja imebandikwa vigae zaidi ya 39,000. Vazi hilo lina kazi mbili. Ya kwanza ni kuimeza sauti inayotumwa na adui ili isimrudie kama mwangwi. Ya pili ni kuifungia ndani sauti ya mitambo ya nyambizi yenyewe isisikike nje.

Mataifa yanayomiliki nyambizi huficha sana mapishi ya mpira wao. Hata hivyo, misingi yake haina siri: ni fizikia ya sauti ileile inayofundishwa katika shule za upili. Historia yake nayo inapita karibu na nyumbani, kwani vita vya kusikilizana chini ya maji vilifika hadi bandari ya Kilindini na kuchukua maisha ya askari wengi wa Afrika Mashariki.

Kwa nini sauti

Bahari hufunika vitu upesi. Mwanga wa jua hufifia kadiri unavyoshuka, na kufikia kina cha mita 200 hubaki kidogo mno. Mawimbi ya redio ya kawaida, yanayovuka milima na mabara angani, hufa baada ya kupenya maji ya chumvi kidogo tu. Sauti ndiyo inayosafiri. Hewani hukimbia mita 340 hivi kwa sekunde. Baharini hukimbia mita 1,500 hivi, yaani zaidi ya mara nne, na hufika mbali kabla ya kuchoka. Kwa hiyo anayetafuta kitu kilichozama hutegemea masikio kuliko macho.

Chombo cha kusikilizia huitwa sona, nacho ni cha namna mbili. Sona ya kimya husikiliza tu: hungojea mvumo wa injini, pampu au rafadha. Sona ya kuita hutoa mlio mfupi kisha hungoja mwangwi, na muda uliopita kati ya mlio na mwangwi ndio unaotoa umbali. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 2, sauti imesafiri mita 3,000 kwenda na kurudi, kwa hiyo kitu kilichoirudisha kiko mita 1,500 kutoka melini. Mfaransa Paul Langevin ndiye aliyefungua njia wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alipotumia fuwele za kwatzi, ambazo hutetemeka zikipitishiwa umeme, kutuma na kupokea sauti majini. Jeshi la majini la Uingereza lilikikuza chombo cha aina hiyo na kukiita ASDIC.

Vita vilipofika Kilindini

Aprili 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, meli za Kikosi cha Mashariki cha Uingereza zilihamia Kilindini. Mwezi uliofuata nyambizi ya Kijapani I-30 ilipita kando ya pwani ya Afrika Mashariki ikichungulia bandari, na ndege ndogo iliyobebwa na nyambizi hiyo ikaruka juu ya Zanzibar na Dar es Salaam.

Msiba mkubwa ulitokea miaka miwili baadaye. Februari 1944 msafara wa meli tano za kubeba watu uling'oa nanga Kilindini kwenda Colombo. Mojawapo, SS Khedive Ismail, ilikuwa na watu zaidi ya 1,500. Wengi wao walikuwa askari wa Rejimenti ya 301 ya Mizinga ya Afrika Mashariki, na pamoja nao walikuwamo wauguzi wanawake. Alasiri ya tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli hiyo kwa topido mbili. Ilizama ndani ya dakika mbili hivi. Watu 1,297 walikufa.

Manowari Petard na Paladin ziligeuka kumsaka adui. I-27 ilikuwa imejificha chini ya eneo ambalo manusura walikuwa wakielea, na mabomu ya kulipukia majini yalirushwa huku watu wale wangali ndani ya maji. Hatimaye nyambizi ililazimika kuibuka, ikapigwa na topido ya Petard, ikazama. Askari wa Afrika Mashariki waliopotea katika meli hiyo wanakumbukwa kwenye Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki, katika makaburi ya vita yaliyo Barabara ya Ngong jijini Nairobi.

Tukio hilo linaonyesha uzito wa jambo lenyewe. Nyambizi iliyokwisha kujulikana mahali ilipo ina nafasi ndogo ya kunusurika, na iliyojificha vizuri inaweza kuua watu zaidi ya elfu moja kwa dakika mbili. Ndiyo maana pande zote zilitumia wanakemia na wanafizikia wao bora kujibu swali moja: mwangwi unazaliwaje, na unaweza kuzuiwaje?

Mwangwi huzaliwa mpakani

Sauti inayosafiri ndani ya kitu kimoja kisichobadilika huendelea mbele. Sehemu yake hurudi pale inapokutana na kitu kingine chenye tabia tofauti. Tabia hiyo hupatikana kwa kuzidisha namba mbili: uzito wa mita moja ya ujazo ya kitu hicho, kwa kilo, na kasi ya sauti ndani yake, kwa mita katika sekunde. Kwa hewa jawabu ni 400 hivi. Kwa maji ya bahari ni milioni 1.5. Kwa chuma ni milioni 46 hivi. Kadiri namba mbili zinazokutana zinavyopishana, ndivyo sauti nyingi inavyorudi. Sauti ikitoka majini na kugonga chuma kinene, karibu sehemu 9 kati ya 10 za nguvu yake hurudi. Ikitoka majini na kugonga hewa, karibu yote hurudi.

Kanuni hii inatumika katika Ziwa Victoria. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa uvuvi wa Kenya, Uganda na Tanzania wamekuwa wakivuka ziwa kwa meli zenye vipima mwangwi ili kukadiria wingi wa samaki. Kinachoonekana zaidi kwenye kioo cha chombo si nyama ya samaki wala mifupa yake. Ni kibofu cha hewa kilicho tumboni mwake, ambacho humsaidia kuelea. Nyama ya samaki inafanana na maji kwa uzito na kwa kasi ya sauti, kwa hiyo sauti hupita bila kushtuka; hewa iliyo ndani ya kibofu ndiyo inayoirudisha. Mbuta mkubwa hutoa alama yake peke yake, na kundi la omena huonekana kama wingu.

Nyambizi ina matatizo yote mawili kwa wakati mmoja: ni ukuta wa chuma wenye hewa nyuma yake. Kwa sona, hiyo ni shabaha nono.

Mpira unavyoimeza sauti

Mpira una sifa mbili ambazo ni adimu kukutana katika kitu kimoja. Kwanza, uzito wake unakaribia ule wa maji, na kwa kuchanganya viungo vinavyofaa, kasi ya sauti ndani yake inaweza kuletwa karibu na mita 1,500 kwa sekunde. Sauti ikifika kwenye mpira kama huo haikuti mpaka wa kugonga. Huingia.

Pili, mpira hautetemeki bure. Umefumwa kwa molekuli ndefu zilizosokotana, na kila unapovutwa na kuachiwa, molekuli hizo husuguana. Msuguano huo hugeuza nguvu ya mtetemo kuwa joto. Joto lenyewe ni dogo kiasi kwamba bahari hulichukua bila mabadiliko yoyote ya kupimika, lakini nguvu iliyogeuka joto hairudi tena kuwa sauti. Hapo ndipo mwangwi unapokufa.

Jambo hili husikika hata nchi kavu. Kapkatet nchini Kenya, kwenye barabara ya kutoka Litein kwenda Sotik, kituo cha kununulia majani chai kikiwa kitupu asubuhi, sauti ya karani hugonga saruji na mabati na kurudi ikivuma. Magunia ya majani mabichi yakishajaa, sauti ileile huwa fupi na kavu, kwa sababu huingia kwenye nafasi ndogo zisizohesabika kati ya majani na nyuzi, ikasugua humo hadi ikaisha. Mpira wa nyambizi hufuata mwendo huohuo: sauti iingie, isugue, iwe joto.

Ugumu wa majini ni urefu wa mawimbi. Mlio wa kilohezi 15, ambao umo katika masafa ya sona za zamani, una wimbi la sentimita 10 baharini. Mpira mtupu wa milimita chache ni mwembamba mno kulimaliza wimbi kama hilo. Tena mpira, kama maji, haukubali kubanwa. Ukisukumwa kutoka pande zote haupungui ukubwa, kwa hiyo msuguano unakuwa mdogo.

Dawa yake iligunduliwa mapema: kuutoboa mpira matundu na kuyaacha na hewa ndani. Wimbi la sauti likisukuma, mpira ulio kando ya tundu hupata mahali pa kukimbilia. Hufura kuelekea ndani ya tundu, kisha hurudi nyuma wimbi linapoachia. Msukumo wa moja kwa moja hugeuka kuwa mteremko wa tabaka moja juu ya jingine, na mpira hupoteza nguvu nyingi zaidi unapoteremshwa hivyo kuliko unapobanwa.

Kila tundu pia lina kasi yake ya asili ya kutetemeka, kama ilivyo kwa kiputo cha hewa ndani ya maji. Mwaka 1933 mwanasayansi Marcel Minnaert alionyesha kwamba ukubwa wa kiputo ndio unaoamua mlio wake: kiputo chenye nusu kipenyo cha milimita 1, karibu na uso wa maji, hutetemeka takriban mara 3,260 kwa sekunde. Kikikuzwa maradufu, mlio hushuka kwa nusu. Katika mpira hesabu hubadilika kwa sababu mpira ni mgumu kuliko maji, lakini kanuni hubaki: sauti ikilingana na mtetemo wa asili wa tundu, tundu hutikisika kwa nguvu na kuila sauti hiyo kuliko nyingine. Kwa kuchagua ukubwa wa matundu na nafasi kati yake, wahandisi huchagua sauti watakayoizima.

Kutoka Alberich hadi leo

Wajerumani ndio waliotangulia kuzivalisha nyambizi nguo hiyo, katika Vita vya Pili vya Dunia. Mradi wao uliitwa Alberich, jina la kibeti wa ngano za Kijerumani mwenye vazi la kumfanya asionekane. Walitumia Oppanol, mpira wa viwandani uliotengenezwa na kampuni ya IG Farben, katika mabamba ya mita moja hivi kwa mita moja, yenye unene wa milimita 4. Mabamba hayo yalikuwa na safu za matundu ya ukubwa wa aina mbili, milimita 4 na milimita 2. Yalipunguza mwangwi kwa asilimia 15 hivi katika masafa ya kati ya kilohezi 10 na 18, ambamo ASDIC za wakati huo zilifanya kazi. Majaribio yalianza kwa nyambizi U-11 mwaka 1940, yakaendelea kwa U-67 mwaka 1941.

Kilichowasumbua zaidi kilikuwa gundi. Mabamba yaliyobanduka upande mmoja yalipigapiga majini, yakaleta kelele na kuikokota nyambizi nyuma. Ilichukua miaka kupata gundi na namna ya kubandika ambayo ingestahimili safari ndefu. Kufikia mwaka 1944 nyambizi U-480 ilikuwa imevaa kikamilifu. Agosti mwaka huo, katika mlangobahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa, ambako meli za kivita za Washirika zilikuwa zimejaa tele, U-480 ilizizamisha meli nne kuanzia tarehe 21 hadi 25, kisha ikarudi salama. Iliangamia mapema mwaka 1945 kwenye eneo la mabomu yaliyotegwa baharini, na mabaki yake yalipatikana mwaka 1998. Bomu la kutegwa halitafuti mwangwi, na mpira haukuwa na msaada wowote dhidi yake.

Wajapani nao walizipaka nyambizi zao kubwa za aina ya I-400 mchanganyiko wa mpira, asbesto na gundi. Vita vilipokwisha mwaka 1945, washindi walichunguza vyombo na nyaraka za walioshindwa, na maarifa hayo yakatawanyika. Umoja wa Kisovieti uliyachukua kwa bidii kubwa, ukazivalisha mpira nyambizi zake za nyuklia tangu zile za kwanza za miaka ya 1950. Uingereza ilifuata mwaka 1980 kwa nyambizi HMS Churchill. Marekani iliingia katika miaka ya 1980 kwa nyambizi za aina ya Los Angeles. Leo China, Ufaransa na mataifa mengine yenye nyambizi hutumia mavazi ya aina hii, kila moja kwa mapishi yake.

Mpira wenyewe umebadilika. Siku hizi hutumika poliuretani, mpira wa butili na aina nyingine za viwandani. Ndani yake huchanganywa vitufe vidogo vitupu vya kioo au plastiki vinavyobeba hewa bila kubonyea upesi. Mara nyingi kuna tabaka zaidi ya moja. La nje hufananishwa na maji ili kuikaribisha sauti. La kati huwa zito kwa msuguano ili kuimaliza. La ndani, lililo karibu na chuma, huwa laini na lenye hewa nyingi ili mtetemo wa injini na pampu usivuke kwenda baharini. Tabaka hilo la mwisho lina umuhimu unaozidi kukua, kwa kuwa nyambizi nyingi husakwa kwanza kwa sona ya kimya.

Kazi ya kubandika

Kubandika vigae ni kazi ya mikono na ya subira. Chuma hupulizwa chembe ngumu kwa hewa ya nguvu hadi kutu na rangi ya zamani vitoke na kibaki kinang'aa, chenye mikwaruzo midogo ya kushika gundi. Unyevu wa hewa hupimwa, kwa sababu umande usioonekana kwa macho unatosha kuiharibu gundi. Rangi ya msingi hupakwa, kisha gundi. Kigae huwekwa mahali pake na kubanwa hadi kishike, na nyufa kati ya kigae na kigae hujazwa mpira wa maji unaoganda. Kuzunguka milango, mabomba na masikio ya sona, kila kigae hukatwa kwa kipimo chake. Povu moja la hewa likibaki nyuma ya kigae, maji ya kina yatalitafuta hadi yalipate.

Uzito nao una hesabu yake. Nyambizi yenye eneo la nje la mita za mraba 2,000, ikivalishwa mpira wa unene wa sentimita 5, hubeba mita za ujazo 100 za mpira, yaani tani 100 hivi. Mizani ya kuelea na kuzama lazima ipangwe upya kwa ajili ya vazi hilo, au ipangwe nalo tangu chombo kinapochorwa.

Hata baada ya uangalifu wote huo, vigae hubanduka. Nyambizi ikishuka, shinikizo la maji hulibana umbo lake la chuma. Ikipanda, umbo hutanuka tena. Mpira na chuma havibanwi kwa kipimo kimoja, na gundi iliyo katikati ndiyo inayovutwa. Kuongezea hapo kuna chumvi, mabadiliko ya joto na msuguano wa maji. Picha za nyambizi za Marekani za aina ya Virginia zikirudi bandarini zimeonyesha mabaka yaliyobanduka, na nyambizi za Uingereza zimepata tatizo hilohilo.

Mipaka ya vazi

Hakuna mpira unaozima kila sauti. Mipaka yake ni minne, na yote inatokana na fizikia ileile iliyoufanya ufae.

Mpaka wa kwanza ni kina. Kila mita 10 za kushuka huongeza shinikizo linalolingana na la hewa yote iliyo juu ya bahari. Kwenye mita 300, shinikizo ni mara 31 ya lile la juu ya maji. Matundu yaliyokokotolewa kwa kina kidogo hubonyea huko chini, mtetemo wake wa asili hubadilika, na sauti iliyokuwa ikizimwa huanza kurudi. Alberich ilikuwa na udhaifu huu, na warithi wake wamepunguza tatizo bila kulimaliza.

Wa pili ni joto la maji. Mpira ukipata baridi hukakamaa, ukipata joto hulainika, na masafa unayoyameza hubadilika nao. Maji ya juu ya bahari pwani ya Kenya na Tanzania huwa kati ya nyuzi 25 na 29 za Selsiasi, ilhali kaskazini mwa Atlantiki yanaweza kukaribia kuganda. Mpira uliopikwa kwa ajili ya kaskazini haufanyi kazi kwa kiwango kilekile katika Bahari ya Hindi.

Wa tatu ni masafa. Baada ya vigae kuenea, wenye sona walishuka kwenye sauti nzito. Mlio wa hezi 500 una wimbi la mita 3 majini, na kigae cha sentimita 5 mbele ya wimbi hilo ni kama hakipo. Sauti nzito pia husafiri mbali zaidi. Faida hiyo ina gharama kwa viumbe: milio ya sona yenye nguvu imehusishwa na nyangumi kukwama ufukweni, jambo lililozua kesi na masharti mapya katika nchi kadhaa.

Wa nne ni hesabu ya umbali. Mlio wa sona hutawanyika ukienda, na mwangwi hutawanyika tena ukirudi. Kwa sababu hiyo, katika hali iliyo rahisi kabisa, nguvu ya mwangwi hupungua kwa kipeo cha nne cha umbali: umbali ukiongezeka mara mbili, mwangwi hupungua mara 16. Sheria hii humsaidia mwindaji kuliko inavyodhaniwa. Nyambizi iliyokuwa ikigunduliwa kutoka mita 2,000, ikivalishwa mpira unaomeza asilimia 90 ya mwangwi, bado itagunduliwa kutoka mita 1,120 hivi. Mpira ukimeza asilimia 99, itagunduliwa kutoka mita 630 hivi. Vazi halimfanyi aliyelivaa asionekane. Linamlazimisha anayemtafuta asogee karibu. Katika bahari kubwa hilo linatosha kubadilisha matokeo, kwa kuwa eneo ambalo meli moja inaweza kulichunguza hupungua kwa zaidi ya theluthi mbili katika mfano wa kwanza, na kwa sehemu 9 kati ya 10 katika mfano wa pili.

Njia mpya

Tatizo la sauti nzito limewafanya watafiti waachane na wazo la kuongeza unene tu. Mwaka 2000 kikundi cha Ping Sheng huko Hong Kong kilitangaza kitu kilichotengenezwa kwa vitufe vya risasi vya ukubwa wa sentimita moja hivi, vilivyofunikwa kwa mpira laini wa silikoni na kupangwa ndani ya gundi ngumu. Kitufe kizito kikiwa kimeshikwa na mpira laini hutikisika polepole, na kwa hiyo bamba la unene wa sentimita chache liliweza kuzuia sauti ambayo wimbi lake ni refu mara nyingi kuliko bamba lenyewe. Tangu hapo utafiti wa vitu vilivyopangwa namna hiyo umeenea katika vyuo vikuu vingi.

Viumbe navyo vilitangulia. Bunaea alcinoe ni nondo mkubwa apatikanaye sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara. Hana masikio, na adui yake mkubwa usiku ni popo, anayewinda kwa milio na mwangwi kama manowari. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol walionyesha kwamba magamba madogo yaliyofunika mabawa ya nondo huyo hutetemeka katika masafa yaleyale ambayo popo hutumia. Kwa kutetemeka hivyo, humeza sehemu ya mlio na kumdhoofishia popo mwangwi. Nondo huyo hutumia kanuni ileile ya kigae cha nyambizi, kwa vazi jembamba kuliko karatasi.

Maarifa yanayofaa bara

Afrika Mashariki haina nyambizi, na nchi zake zina mahitaji mengi ya kutangulia kabla ya hilo. Lakini elimu ya kuzima sauti si mali ya majeshi peke yake. Meli za utafiti wa uvuvi hutengenezwa ziwe kimya ili zisiwatimue samaki zinaowahesabu. Mojawapo ni Dr Fridtjof Nansen iliyozinduliwa mwaka 2017, inayofanya kazi katika bahari za Afrika. Vipuri vya mpira vilivyowekwa chini ya injini, dari laini chini ya mabati ya darasa, na kuta zilizovalishwa vitu vyenye vinyweleo katika studio za redio, vyote vinafuata njia moja: kuondoa mpaka mgumu, kuipa sauti mahali pa kuingia, na kuigeuza joto.

Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, mahali pa kuitumia elimu hiyo ni viwandani. Mashine za kusagia majani, feni za kukaushia na mitambo ya mvuke hunguruma kwa saa nyingi, na sikio likishaharibiwa na kelele halirudi kuwa zima. Sheria ya Kenya ya mwaka 2005 kuhusu kelele mahali pa kazi inakataza mfanyakazi kukaa katika kelele ambayo wastani wake wa saa 8 ndani ya saa 24 unazidi desibeli 90. Viziba masikio vinasaidia, lakini kinga bora ni kuizima kelele pale inapozaliwa: raba sahihi chini ya mashine, na kifuniko kinachomeza sauti juu yake. Mhandisi anayejua kwamba kila mpira una masafa yake, joto lake na mzigo wake hatanunua raba yoyote iliyo sokoni. Atapima kwanza ngurumo ya mashine, ndipo achague. Vijana wanaosoma fizikia katika shule za Bureti na Sotik wana kila sababu ya kuijifunza kazi hiyo, kwa kuwa wazazi na jirani zao ndio watakaokuwa wa kwanza kufaidika nayo.